Mafuta yakitoka, kinarudi nini?

Katika kijiji cha Sojo, kata ya Igusule, wilayani Nzega, kuna kiwanda ambacho kazi yake ni kuvisha koti mabomba ya mradi wa bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki. Mabomba yenyewe yametengenezwa China, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, yakapandishwa huku bara. Yakifika Sojo yanafunikwa kwa tabaka la kuhifadhi joto, kwa sababu mafuta ghafi ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Yakipoa huganda kama samli ya asubuhi na bomba likaziba. Kwa hiyo yatasafiri yakiwa ya moto, nyuzi 50 au zaidi, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani mkoani Tanga. Ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ni ardhi ya Tanzania. Hapa mkoani Tabora bomba linapita Nzega na Igunga, chini ya mashamba ya mpunga, mtama na alizeti. Hakuna lita hata moja itakayochotwa njiani.

Kijana wa bodaboda wa Nzega ataendelea kununua petroli iliyosafishwa Uarabuni au India, ikapakuliwa Dar es Salaam na kupandishwa huku kwa lori. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, itatangaza bei kikomo, na Tabora tutalipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu ya umbali. Wapo wanaoliona jambo hili kama dhuluma: mafuta yanapita mlangoni, sisi tunanunua ya mbali. Mimi siioni dhuluma hapo. Ndivyo biashara ya mafuta ilivyo duniani kote, na nchi nyingi zinazoyachimba zina hali hiyo hiyo. Tukielewa kwa nini, tutajua swali la kuuliza kabla fedha za bomba hazijaanza kuingia.

Swali hilo nililipata kwa dereva wa lori ninayepakia naye mpunga. Ukimpigia simu kumwambia kuna mzigo wa Dar es Salaam, hataki kwanza kusikia utalipa kiasi gani. Anauliza, "Mzee, mzigo wa kurudi upo?" Gari likienda limejaa likarudi tupu, limekula faida yake njiani. Likirudi limebeba takataka zisizouzika, ni vibaya zaidi, maana umelipa dizeli kuzisafirisha. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma habari za nchi zinazouza mafuta kwa kutumia kipimo cha dereva huyu, na sijapata kingine kilicho bora. Idadi ya mapipa yanayotoka hainiambii mengi. Natazama kinachorudi.

Tabora tuna sababu ya kulijua somo hili mapema kuliko wengine, kwa kuwa tuliwahi kuishi kwa bidhaa moja iliyokuwa ikitakiwa na dunia nzima. Katika karne ya 19 Unyanyembe, yaani eneo hili la mji wa Tabora, ilikuwa kituo kikuu cha misafara. Pembe za ndovu zilitoka Manyema na Ujiji, zikakusanywa hapa, zikabebwa mabegani na wapagazi wa Kinyamwezi hadi pwani. Pamoja nazo walitembezwa watu waliotekwa. Pembe zile zilivuka bahari, nyingine zikafika Connecticut, Marekani, zikachongwa vibonye vya piano. Kilichorudi kilikuwa shanga, waya, bunduki, baruti, na zaidi ya vyote nguo. Jina la nguo hiyo bado limo katika lugha yetu: merikani. Kabla ya hapo Unyamwezi ilikuwa na wafumaji wake wa pamba na wahunzi wake wa majembe. Mfumaji wa Unyanyembe alishindanaje na jora lililotoka kiwandani Massachusetts, likalipiwa kwa pembe ambayo mwindaji aliipata kwa risasi chache? Hakuweza. Ndovu walipopungua karibu, misafara ikasogea mbali zaidi kuwafuata. Hapa ikabaki tembe ya Kwihara ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872, na ufundi wa kufuma haukurudi.

Wachumi wana jina la hali hii. Wanaiita ugonjwa wa Kiholanzi, kwa sababu Uholanzi iligundua gesi nyingi huko Groningen mwaka 1959, kisha viwanda vyake vingine vikaanza kudhoofika. Namna unavyofanya kazi si ngumu kueleza. Dola zikiingia nyingi kwa bidhaa moja, sarafu ya nchi inapata nguvu. Sarafu ikiwa na nguvu, mchele wa Pakistani au Vietnam unakuwa rahisi bandarini. Mkulima wa Igunga, ambaye gharama zake zote ni za shilingi, anajikuta anauza ghali bila kupandisha bei hata senti. Vijana wanaacha shamba na kukimbilia kwenye fedha zilipo, yaani ujenzi, ofisi za serikali na uchuuzi wa vitu vya nje. Baada ya miaka 10 nchi ina maghorofa na haina chakula chake.

Nigeria iliyaishi haya yote. Mafuta yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956 na meli ya kwanza ikaondoka mwaka 1958. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa kinara wa dunia kwa mawese, bidhaa ambayo huku kwetu tunaijua kwa madebe yanayoteremshwa kwenye treni kutoka Kigoma. Ilikuwa na kakao ya magharibi, na kaskazini mwa nchi, mjini Kano, magunia ya karanga yalipangwa yakawa kama vilima. Kisha ikaja mwaka 1973, bei ya mafuta duniani ikapanda karibu mara nne, na fedha zikaingia kuliko serikali ilivyojua kuzitumia.

Mwaka 1975 kinachorudi kilionekana kwa macho. Serikali ya kijeshi ilikuwa imeagiza saruji tani milioni 20 hivi, wakati bandari ya Lagos haikuwa na uwezo wa kupakua hata sehemu ndogo ya shehena hiyo kwa mwaka. Mamia ya meli zilitia nanga nje ya bandari zikisubiri zamu kwa miezi, na wenye meli wakalipwa kwa kila siku ya kusubiri. Kuna saruji iliyogandia humo humo melini. Ilikuwa fedha ya mafuta iliyorudi nyumbani ikiwa jiwe.

Nikubali hapa kwamba mafuta hayakuwa mwuaji pekee. Vita vya Biafra viliharibu maeneo ya michikichi, na ukame pamoja na ugonjwa wa mimea viliipiga karanga ya kaskazini. Lakini nchi nyingine zilipata vita na ukame, mkulima akarudi shambani mvua iliporudi. Mkulima wa Nigeria hakuwa na sababu ya kurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 naira moja kwa bei ya serikali ilikuwa na thamani kuliko dola moja. Kwa sarafu kama hiyo kila kitu cha nje kilikuwa rahisi, na nchi ikawa miongoni mwa waagizaji wakubwa wa mchele duniani. Mawese nayo inaagiza hadi leo.

Sasa tazama Indonesia. Nayo ilichimba mafuta, nayo ilikuwa mwanachama wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, nayo ilikuwa chini ya mtawala wa kijeshi, na wizi ulikuwepo wa kutosha. Katikati ya miaka ya 1970 shirika lake la mafuta lilizama katika madeni makubwa. Kwa hiyo asije mtu akaniambia Indonesia ilifaulu kwa sababu ilitawaliwa na malaika. Tofauti ilikuwa katika mzigo wa kurudi. Katika miaka ya 1970 Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa mchele duniani, na viongozi wake waliliogopa jambo hilo. Waliona serikali iliyotangulia ikiyumba bei ya chakula ilipopaa. Fedha za mafuta wakazielekeza kwenye mifereji ya umwagiliaji, mbegu, barabara za vijijini na shule za msingi. Gesi asilia wakaigeuza urea katika viwanda kama kile cha Palembang, na mkulima akauziwa mbolea kwa bei anayoiweza.

Mwezi Novemba 1978, wakati nchi haikuwa na uhaba mkubwa wa dola, Indonesia ilishusha thamani ya sarafu yake kwa makusudi, kutoka rupia 415 hadi 625 kwa dola. Watu wa mjini waliumia. Mkulima wa mpunga, wa mpira na wa kahawa akapata nafuu. Ulikuwa uamuzi mchungu, na kwa maoni yangu ndio uliofanya kazi kuliko hotuba zote za kilimo. Mwaka 1984 Indonesia ilitangaza kuwa inajitosheleza kwa mchele. Mwishoni mwa 2008 ikajitoa OPEC kwa sababu ilikwisha kuwa inanunua mafuta kuliko inavyouza, lakini haikuanguka. Ilikuwa na nguo, viatu, makaa ya mawe, na michikichi. Mafuta ya kula tunayonunua madukani Tabora, yale ya madumu ya njano, sehemu kubwa hutoka Indonesia na Malaysia, yamesafiri bahari nzima kuja kushindana na mawese ya Kigoma. Malaysia nayo inauza mafuta ya petroli, ila leo ukiuliza inauza nini zaidi utaambiwa vifaa vya elektroniki.

Norway naipita haraka, ingawa ndiyo inayotajwa kila kwenye mjadala. Mfuko wao wa akiba ni mzuri na sheria yake ya mwaka 1990 inafaa kusomwa. Lakini Norway ilipopata mafuta mwaka 1969 ilikwisha kuwa na meli, viwanda na watoza kodi waaminifu. Mtu wa Nzega akifundishwa kwa mfano wa Norway ni kama mwanafunzi wa darasa la tatu kufundishwa kwa daftari la chuo kikuu. Indonesia ya mwaka 1970 ilikuwa maskini kama sisi, yenye majaruba kama ya Igunga. Huko ndiko kwa kutazama.

Jambo la pili ambalo ramani ya biashara ya mafuta inaonyesha ni hili lililomshangaza kijana wa bodaboda. Nchi nyingi zenye visima zinanunua mafuta. Jirani yetu Kongo huchimba mafuta kule pwani ya Atlantiki, karibu na Muanda, huyauza ghafi yote, na dizeli ya Kalemie na Uvira inaingia ikiwa imevuka Ziwa Tanganyika kutoka bandari ya Kigoma. Angola kwa miaka mingi imeuza ghafi na kununua sehemu kubwa ya petroli yake nje. Nigeria ilikuwa na viwanda vinne vya serikali vya kusafisha mafuta, Port Harcourt viwili, Warri na Kaduna, vyenye uwezo wa mapipa 445,000 kwa siku kwenye karatasi, lakini foleni kwenye vituo vya mafuta zilikuwa ndefu kuliko za Tabora. Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 2024, kiwanda binafsi cha Dangote cha mapipa 650,000 kwa siku kilipoanza kutoa bidhaa karibu na Lagos. Hata hicho kililazimika wakati fulani kuagiza ghafi kutoka Marekani, kwa kuwa ghafi ya nyumbani ilikwisha kuahidiwa kwa wengine.

Upande wa pili kuna India, inayonunua nje zaidi ya asilimia 80 ya ghafi yake lakini bidhaa za mafuta zilizosafishwa ni miongoni mwa vitu vikubwa inavyouza duniani. Kiwanda cha Jamnagar, katika jimbo la Gujarat, ndicho kikubwa kuliko vyote duniani. Singapore haina kisima hata kimoja, nayo inauza. Faida inakaa kwa anayesafisha, anayehifadhi na anayesafirisha. Tanzania nasi tuliwahi kusafisha. Kiwanda cha TIPER, Kigamboni, kilifunguliwa mwaka 1966, kikaacha kusafisha karne ilipoisha, na sasa ni matangi ya kuhifadhi. Uganda imesisitiza iwe na kiwanda chake cha mapipa 60,000 kwa siku kando ya bomba. Wapo wanaosema ni kidogo mno kushindana na Jamnagar, na kwa hesabu ya biashara tupu huenda wana hoja. Lakini nchi isiyo na bahari, iliyowahi kukaukiwa mafuta kila njia ya jirani ilipofungwa, ina hesabu nyingine, na mimi naiunga mkono.

Kuhusu wanunuzi nitasema kidogo tu, kwa sababu wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua wanaijua habari hii bila kufundishwa. Umekausha kwenye bani, umefunga marobota, mteuzi amepanga madaraja, na mnunuzi ni mmoja au wawili. Akipunguza oda mwaka huo, huna pa kwenda. Mwaka 2010 Marekani ilinunua kutoka Nigeria karibu mapipa milioni moja kwa siku. Ikajifunza kupasua miamba yake na kutoa mafuta nyumbani, na ilipofika katikati ya 2014 manunuzi yale yalikuwa yameshuka hadi karibu sifuri. Nigeria ikahamia India na Ulaya. Mwaka huo huo bei ilianza kuporomoka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa, na Januari 2016 ikagusa chini ya 30. Angola ilikuwa imekopa China na kulipa kwa mafuta. Bei ikishuka, deni lile lile linadai mapipa mengi zaidi.

Turudi kwenye bomba letu, kwa sababu sisi si wachimbaji. Sisi ni wenye njia. Na kwa hilo Unyamwezi ina historia ndefu kuliko mikataba yote. Msafara ulipopita katika nchi ya mtemi ulilipa hongo. Leo neno hilo lina harufu mbaya, lakini zamani lilikuwa ushuru wa wazi wa kupita: nguo kadhaa, waya kadhaa, kisha msafara unapewa njia, maji na usalama. Mtemi Mirambo, ambaye jina lake limebaki Urambo, aliielewa nguvu ya njia kuliko mtawala yeyote wa zama zake. Vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe vilipoanza mwaka 1871 alifunga barabara ya Ujiji, na bei ya pembe ikatikisika hadi Unguja.

Nguvu hiyo ina makali pande zote mbili. Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011 ikiwa na visima, huku bomba likipita Sudan hadi bahari ya Shamu. Wakagombana kuhusu ada ya kupitisha, na Januari 2012 Juba ikafunga visima vyake yenyewe. Mwenye mafuta akakosa mapato na mwenye njia akakosa ada, wote wakaishiwa dola kwa pamoja. Mwaka 2024 vita vya Sudan viliharibu bomba moja, na mishahara ya watumishi Juba ikakwama tena. Uganda ilipochagua njia ya Tanga mwaka 2016 na kuiacha ya Kenya, utulivu wa njia ulikuwa sehemu ya kilichonunuliwa. Utulivu huo ni bidhaa yetu, na tuuthamini hivyo.

Ada ya bomba imepangwa kuwa dola 12.77 kwa pipa. Mapipa 246,000 kwa siku, uwezo wake wa juu, yanazidi dola milioni 3 kwa siku. Nimewasikia watu kijiweni wakizigawa fedha hizo kwa wakazi wa Nzega. Wasizigawe. Hizo ni mapato ya kampuni ya bomba, ambayo lazima ilipe mikopo, ichemshe mafuta njia nzima, kisha wenye hisa wagawane: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda 15, shirika letu la mafuta, TPDC, 15 na CNOOC ya China 8. Kinachofika Hazina ni gawio la TPDC na kodi. Ni fedha za maana bado, na ni za dola.

Katika dola hizo ndimo ninamoona hatari na nafasi. Mgodi wa dhahabu wa Lusu, hapa Nzega, wa kwanza mkubwa wa kisasa nchini, ulifanya kazi takriban miaka 15 ukafungwa. Nenda Nzega uulize dhahabu ile ilirudi ikiwa nini. Kwa bomba tuna bahati ya kuuliza kabla. Mkoa huu una skimu ya Mwanzugi, Igunga, ambako maji yakiwepo mpunga unaota, na una majaruba mengi ambayo hayana bwawa wala mfereji. Mbolea yetu nyingi inaagizwa kwa dola, na mwaka 2022 bei yake ilipopaa baada ya vita vya Ukraine kuanza wakulima walipunguza vipimo shambani, wengine wakaacha kabisa. Nchi ina gesi Songo Songo na Mnazi Bay. Gesi ndiyo malighafi ya urea. Indonesia iliiona hesabu hiyo nusu karne iliyopita.

Kuna reli pia. Tabora ndipo njia inapogawanyika, moja kwenda Kigoma na nyingine Mwanza, na reli ya kisasa inajengwa kufuata mgawanyiko huo huo. Dubai ilipofungua bandari ya Jebel Ali mwaka 1979 ilikuwa inajua mafuta yake hayatadumu. Leo wafanyabiashara wetu huenda Dubai kununua vitu ambavyo havikutengenezwa Dubai. Kupitisha mizigo ya watu ni kazi inayoweza kulisha mji, kama mji una maghala, vyumba vya baridi vya kuhifadhia, karakana na mabenki. Hayo yote yanaagizwa kwa dola, na ni mizigo ya kurudi ambayo ningeifurahia kuiona ikishuka kwenye stesheni yetu kuliko magari ya kifahari.

Bajeti ya Serikali husomwa bungeni mwezi Juni. Mwaka ambao gawio la bomba litaonekana kwa mara ya kwanza kwenye vitabu vile, nitaanza kusoma upande wa matumizi. Nitatafuta mabwawa ya Igunga na Nzega kwa majina yake, nitafute kiwanda cha urea, kisha ndipo nigeuze kurasa kutazama mapato yalikuwa kiasi gani.